Ukucha Hauna Spea

Watu walimwita Mama Vioo kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa kubadilisha vioo vya simu, na mwenyewe hakuwahi kulikataa jina hilo. Meza yake ilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka, mahali ambapo wengine wangerundika ndoo na mifagio, naye alikuwa amepageuza karakana kamili: taa ya kuinamia, kioo cha kukuzia, hita ya kupuliza upepo wa moto, vikopo vya skurubu ndogo kuliko punje ya ufuta, na chupa mbili za kusafishia, moja ya spiriti na nyingine ya thina.

Mafundi wengine hufungua simu kwa vipande vya plastiki. Yeye alifungua kwa ukucha wa kidole gumba cha kulia. Alipasha moto ukingo wa simu, akauingiza ukucha kwenye upenyo ambao wewe na mimi tusingeuona, akausukuma pole pole kuzunguka pembe nne, mpaka kioo kikaachia chenyewe kama kimechoka kushikilia. Wateja walikuwa wakiitana waje kutazama. Aliyemuuliza kwa nini hatumii kifaa alipewa jibu lilelile kwa miaka kumi na moja.

"Plastiki haina hisia. Ukucha unaniambia gundi imelegea wapi na imekaza wapi."

Na ilikuwa kweli. Lakini kwa mwaka mzima kucha hizo zilikuwa zikimpa habari nyingine ambayo hakutaka kuisikia. Thina ilikuwa imezikausha. Zilikuwa zinabanduka tabaka tabaka, kama rangi kwenye ukuta uliolowa, na kila zilipobanduka zilinasa: kwenye sweta, kwenye shuka, kwenye nywele za binti yake akimchana asubuhi. "Mama, unanivuta!" mtoto alilia, na Mama Vioo alizikata kwa mkasi wowote uliokuwa karibu, akaendelea na shughuli zake. Hakuwa mtu wa kujidekeza.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, alikuja mwalimu mkuu wa shule ya jirani na simu iliyopasuka kioo. Mwalimu alikuwa na haraka, kikao kilikuwa kinamsubiri. Mama Vioo alipasha ukingo, akaingiza ukucha, akasukuma. Kioo hakikutikisika. Akapasha tena. Wapi.

"Mwalimu, hii simu imeshafunguliwa na mtu?"

"Shemeji yangu aliijaribu kidogo nyumbani."

"Akaifunga kwa kitu gani?"

"Gundi ya viatu, nadhani."

Mama Vioo alisonya. Angeweza kumwambia aiache mpaka jioni, ili yeye auloweke ukingo taratibu kwa spiriti. Ila mwalimu alikuwa anatazama saa, na watu wawili walikuwa wamesimama nyuma yake wakisubiri kuuona ule mchezo maarufu wa ukucha. Kichwa kikamvimba kidogo. Akaukaza mkono, akausukuma ukucha kwa nguvu zote.

Kitu kilipasuka, tena kwa sauti. Mwalimu aliruka.

"Kimevunjika?"

"Umevunjika," alisema Mama Vioo, meno ameyauma.

"Kioo?"

"Ukucha."

"Ah," alisema mwalimu mkuu, na pumzi zikamshuka.

Ulikuwa umepasuka kuanzia ncha hadi katikati, na upande mmoja ulikuwa umenyanyuka juu ya nyama kama mlango uliong'oka bawaba. Damu ilikuwa kidogo, maumivu ndiyo yalikuwa mengi. Alikifunga kidole kwa karatasi ya chooni na utepe wa kufungia nyaya, akaimaliza simu ya mwalimu kwa bisibisi bapa na matusi ya kimoyomoyo.

Nyumbani kila mtu alikuwa daktari. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao tangu macho yaanze kumsumbua, alikishika kile kidole akakiinua karibu na pua yake ili akione.

"Kitunguu saumu, mwanangu. Unakiponda, unakibandika, unakifunga na kitambaa. Siku saba tu."

"Mama, kitaniunguza."

"Kikiunguza ndiyo kinafanya kazi."

Alikibandika shingo upande, kwa heshima. Siku ya pili wateja walianza kuegemea nyuma wakizungumza naye, na mmoja alimuuliza kama jengo limeanza kupika chakula. Siku ya tatu nyama ya kidole ilikuwa nyekundu na ngozi inachubuka. Alikitupa kitunguu bila kumwambia mama mkwe, kisha akaishi na hatia hiyo wiki nzima, kwa sababu kila jioni bibi alikuwa anauliza, "Si unaona kinavyokauka?" naye anajibu, "Naona, mama."

Dada yake alimpigia simu akamshauri limau na chumvi. Mama Vioo alijaribu mara moja tu, kwenye sinki la jikoni, na mayowe yake yalimtoa mume wake chooni mbio. Mume huyo alikuwa dereva wa gari la kusambaza mikate, mtu mpole asiyependa kelele.

"Nini tena?"

"Dada yangu anataka kuniua."

Ndipo akakata kauli. Yeye ni fundi. Kwa nini awasikilize watu ambao hawajawahi kutengeneza hata redio? Kitu kimepasuka, kitu kilichopasuka hugundishwa. Pale mezani kwake alikuwa na gundi ya vioo, ile inayokaa majimaji mpaka uimulike kwa taa ya zambarau, kisha inakuwa ngumu kama mfupa. Alikisafisha kidole kwa spiriti huku machozi yakimtoka, akaubana ukucha kwa kibano mpaka kingo zikakutana, akatia tone, akamulika. Alipomaliza alisugua kwa msasa laini. Ulikuwa umenyooka, unang'aa, mzuri kuliko siku zote. Aliutazama chini ya kioo cha kukuzia na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne akatabasamu.

Raha hiyo ilidumu siku nne. Siku ya tano kidole kilianza kuwasha. Siku ya sita kilivimba hadi kwenye fundo, ngozi ikatoa malengelenge madogo, na chini ya ukucha, pale gundi ilipofunika, kukatokea doa la kijani, kama kuvu kwenye mkate uliosahauliwa.

"Kijani!" alimwambia mume wake. "Umeshawahi kuona mtu ana kijani mwilini?"

"Nenda hospitali," alisema mume.

"Nimeifanya kazi vizuri kabisa. Hakuna kiputo hata kimoja, hakuna—"

"Mke wangu. Nenda hospitali."

Kwenye kituo cha afya alipanga foleni na watu wenye homa na wenye miguu iliyovunjika, akaona haya kusema kilichomleta. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alikigeuza kidole huku na huku.

"Umeweka nini hapa?"

"Gundi kidogo."

"Gundi gani?"

"Ya simu."

Daktari alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Hakucheka, jambo ambalo Mama Vioo alilishukuru. Alieleza taratibu. Ngozi ilikuwa imeikataa ile gundi, na itaikataa maisha yake yote, kwa hiyo hata kazini asiiguse kwa mkono mtupu. Ule ukijani ni vijidudu vilivyofungiwa humo na unyevu. Sehemu iliyonyanyuka haitashika tena nyama hata aifanyeje. Lazima ikatwe mpaka pale ukucha uliposhika. Kisha dawa ya matone, kidole kikae kikavu, mafuta ya mgando asubuhi na jioni, glavu akishika thina au sabuni, na kitambaa cha pamba ndani ya glavu ili jasho lisikusanyike.

"Na kisha?"

"Kisha unaacha."

"Naacha nini?"

"Unakiacha kidole. Ukucha mpya unatoka kwenye shina, hapa, chini ya ngozi. Unasogea kama milimita tatu kwa mwezi. Wa kidole gumba unahitaji miezi sita kuota wote, au zaidi."

"Miezi sita!" Mama Vioo alisahau kuwa yuko hospitali. "Daktari, mimi skrini nabadilisha kwa dakika arobaini."

"Skrini ina spea, mama. Ukucha hauna spea. Unauotesha mwenyewe."

Alirudi nyumbani na kidole kilichokatwa ukucha nusu, cha waridi na chenye aibu, kama kitu kilichovuliwa nguo. Sasa ndipo mateso yenyewe yalipoanza, maana maumivu yaliisha ndani ya wiki mbili, lakini kero haikuisha.

Huwezi kujua ukucha wa kidole gumba unafanya kazi ngapi mpaka uukose. Hakuweza kufungua kopo. Hakuweza kubandua bei iliyogandishwa kwenye bidhaa, wala kuvunja ganda la yai la kuchemsha, wala kufungua fundo la mfuko wa plastiki. Hakuweza kujikuna mgongo akaridhika. Mume alichukua zamu ya vyombo, akaviosha kwa moyo mmoja na kuviacha na mafuta vilevile, na Mama Vioo alisimama nyuma yake na mikono yake mikavu, akijizuia kusema, kisha asijizuie.

"Sufuria ina nyuma pia."

"Nyuma haipikiwi chakula."

"Lete hapa nioshe mwenyewe!"

"Daktari kasema usiguse."

"Basi osha na nyuma!"

Kazini hali ilikuwa mbaya zaidi. Glavu zilimfanya awe kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano akiwa amevaa soksi mikononi. Skurubu zilimtoka, zikadunda sakafuni, na saa nzima ilipita akiwa amepiga magoti na tochi, wateja wakimruka. Simu hazikuitambua glavu. Aligusa na kugusa, kioo kikabaki kimya kama mtu aliyenuna. Alinunua vile vipande vya plastiki alivyovidharau miaka kumi na moja. Siku ya kwanza tu alikisukuma kimoja kwa kasi aliyoizoea, kisimwambie chochote kama alivyojua hakitamwambia, na skrini nzima ya mteja ikapata mstari wa kijani kutoka juu hadi chini. Hata skrini nayo kijani. Alikaa akautazama ule mstari na damu ikamchemka mpaka masikio yakapata moto.

Upande wa pili wa korido kulikuwa na fundi mwenye upara aliyejiita Chapuchapu. Kazi zake zilikuwa za kulipua, lakini alikuwa mcheshi, na sasa wateja wa Mama Vioo walikuwa wanaonekana kwenye benchi lake.

"Mama Vioo," aliita siku moja kwa sauti ya kusikika korido nzima, "nasikia unafungua simu kwa meno siku hizi!"

Benchi zima lilicheka. Mama Vioo alitafuta jibu la kumkata maini, akalikosa. Jibu zuri lilimjia saa mbili baadaye akiwa anapanda basi, na hilo nalo lilimuudhi.

Hata hivyo aliyafuata masharti. Alipaka mafuta, alitia matone, alikausha kidole kwa pamba. Kila Jumapili aliupima ukucha kwa rula ndogo ya chuma. Milimita tano. Wiki iliyofuata, milimita tano na nukta. Ulikuwa unakuja, mwororo na mweupe mweupe, polepole kama foleni ya ofisi ya ardhi. Mwezi wa tatu ukavuka katikati. Doa lilikuwa limeondoka. Binti yake alisema unafanana na ukucha wa mtoto mchanga.

Mwezi wa nne, asubuhi ya Alhamisi, meza ilijaa. Mama mmoja alikuwa na simu iliyozama kwenye ndoo ya maji, anataka picha za marehemu baba yake zitoke kabla betri haijafa kabisa. Mama Vioo alivua glavu zilizokuwa zimelowa jasho, akainama, akaishika simu. Hakufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe mahali ulipozoea kwenda, kidole gumba kikajipanga kwenye ukingo, kikasukuma.

Safari hii ukucha haukulia. Ulijikunja tu, kama karatasi iliyolowa, ukarudi nyuma hadi pale pale ulipopasuka mwanzo.

Alimaliza kazi ya yule mama. Picha zilitoka, zote, na mama akalia akamshika mikono yote miwili, akamshukuru, akikibana kile kidole bila kujua. Mama Vioo alivumilia akatabasamu. Mteja alipokwisha ondoka, alizima taa, akageuza kiti, akauelekea ukuta wa chini ya ngazi, akalia kwa hasira. Hakulia kwa maumivu. Alilia kwa miezi minne ya mafuta na pamba na rula, iliyokwenda kwa nukta moja ya kujisahau. Watu walikuwa wanapanda na kushuka ngazi juu ya kichwa chake.

Daktari alikata tena. Hakumsema. Alisema tu, "Tunaanza upya," na Mama Vioo alichukia lile neno "tunaanza", maana alijua anayeanza ni mmoja.

Nyumbani hakutaka maneno. Alikaa kwenye mkeka na kikopo cha mafuta mbele yake, hakukifungua. Mama mkwe alikuja akajiketisha, akapapasa mpaka akaupata mkono wake.

"Sina hamu, mama. Uache ukucha ufe wote."

"Kile kitunguu ulikitupa siku ya ngapi?"

Mama Vioo alikitazama kikopo cha mafuta. Kisha akasema, "Ya tatu."

"Nilijua. Pua yangu haijapofuka." Bibi alikifungua kikopo mwenyewe. "Mimi nilipokuwa nafua nguo za watu, kucha zangu zote kumi zilitoka. Nikawa nafua hivyo hivyo, maana hakukuwa na mtu wa kunifulia. Zilirudi, lakini tazama zilivyorudi."

Mama Vioo alikuwa ameishi naye miaka sita na hakuwahi kuzitazama. Zilikuwa nene, za manjano, zimepinda kama maganda ya mbegu, na mbili hazikuwepo kabisa. Palikuwa na ngozi tu.

"Hukusema kitu, mama."

"Nikuambie nini? Kila siku unarudi umekasirika." Alikuwa tayari anampaka mafuta, akisugua taratibu kuanzia kwenye shina, kwa kidole kisicho na ukucha. "Tulia basi. Unatikisa mkono kama mbuzi."

Kuanzia hapo kazi ya mafuta ilikuwa ya bibi, asubuhi kabla Mama Vioo hajatoka na jioni akirudi. Hazikuwa dakika za amani. Bibi alisugua kwa nguvu mno, aliuliza maswali mengi mno, na mara mbili alimpaka dawa ya kikohozi akidhani ni mafuta. Lakini mkono uliposhikwa na mtu mwingine haukuweza kujishughulisha na kitu kingine, na pengine hilo ndilo lililosaidia. Kazini Mama Vioo aliufunga ule ukucha kwa plasta nene kila asubuhi, mizunguko mitatu, kusudi hata mkono ukijisahau usipate cha kusukumia. Alizigawa kazi: za thina asubuhi na glavu, za skurubu baadaye mikono ikiwa mitupu na mikavu. Simu zenye gundi ngumu alizilaza na tone la spiriti ukingoni, akamwambia mteja arudi kesho, na mteja akinung'unika alimuonyesha benchi la Chapuchapu kwa kidevu. Wengine walikwenda. Baadhi walirudi na simu zikiwa na hali mbaya zaidi, akazipokea bila kusema neno, ingawa kulikuwa na maneno mengi.

Ilimchukua miezi minane zaidi. Ukucha ulipofika ncha, haukuwa ule wa zamani. Ulikuwa na mfereji katikati, kutoka kwenye shina hadi mwisho, na kila ulipokua kidogo ulijaribu kupasuka kwenye mfereji huo. Daktari alimwambia ukweli: shina limepata kovu, na mfereji hautaondoka. Aukate mfupi, ausugue kwa tupa laini kila unapochomoza, aufuate hivyo siku zote.

"Siku zote?"

"Siku zote, mama."

Alitoka bila kuaga vizuri. Nje ya kituo alisimama kwenye jua akaukagua. Mwaka mzima wa kusumbuka, na hiki ndicho alichopewa. Alitaka kumkasirikia mtu, akawapitia wote kichwani: shemeji wa mwalimu na gundi yake ya viatu, Chapuchapu, daktari, dada yake na limau. Hakuna aliyetosha. Akapanda basi akaenda kazini.

Siku hiyo alifungua simu sita kwa plastiki, bila glavu, bila plasta. Plastiki ilikuwa bado haina hisia, lakini alikuwa ameshajifunza kusikiliza kwa ncha za vidole vingine vilivyoshika upande wa nyuma, na kwenye simu ya nne alihisi gundi ikilegea kabla haijalegea. Hakumwambia mtu. Mteja mmoja, mwanamume aliyekuwa hajafika muda mrefu, alikuja na rafiki yake ili amwonyeshe.

"Mama Vioo, mfungulie kwa ukucha aone!"

"Hakuna ukucha hapa," alisema bila kuinua kichwa. "Kaa kwenye benchi. Nani anafuata?"